Shajara ya mradi: nusu saa juu ya wimbo mmoja

Jumapili, 9 Februari 2025

Mradi umeanza rasmi leo, maana yake nimefungua daftari jipya na kuandika jina la wimbo juu ya ukurasa wa kwanza. Kipindi cha sita cha podikasti yetu kitakuwa juu ya "Every Little Thing" wa Carly Pearce, mwimbaji wa muziki wa country wa Marekani. Nusu saa, Kiswahili kitupu, wimbo mmoja.

Mwenzangu wa Nakuru, ambaye ndiye mhariri na ndiye mwenye akili kati yetu wawili, alitaka tumchukue Jim Reeves au Dolly Parton. Wasikilizaji wetu wa Kenya wamelelewa na hao, akasema, utawauziaje mtu wasiyemjua? Nikamjibu kwamba hao wakubwa wameshasemwa na kila mtu, hata watangazaji wa harusi. Tena safari hii mimi ndiye niliye karibu na kisa. Naishi Louisville, na Carly Pearce ni mtoto wa Kentucky hii hii. Kazaliwa 1990, na kwao ni Taylor Mill, huko kaskazini mwa jimbo, karibu na mpaka wa Ohio. Vipindi vitano vilivyopita nilikuwa nasimulia mambo ya mbali kama anayesimulia ndoto ya jirani.

Wimbo wenyewe niliusikia mara ya kwanza mwishoni mwa 2017, alfajiri, nikitoka shifti ya usiku katika gari la mwenzangu wa kazi. Wakati huo redio za country zilikuwa zinaucheza mpaka unachosha. Maneno sikuyashika hata nusu. Nilichoshika ni ule mlio unaoteleza nyuma ya sauti yake, kama mtu anayefungua kinywa kusema neno halafu akalimeza. Mwenye gari akaniambia kinaitwa dobro, aina ya gitaa. Nikakaa kimya mpaka nyumbani, na mimi si mtu wa kukaa kimya garini.

Swali la kipindi nimeliandika kwa herufi kubwa: KWA NINI HUU NDIO ULIOMTOA? Mtu ameimba tangu utotoni, amezunguka, amekataliwa, halafu wimbo mmoja wa kuachana na mpenzi unafungua mlango. Wa kuachana! Kama vile dunia ilikuwa na upungufu wa nyimbo za kuachana.

Jumatano, 12 Februari

Nimepanga matukio kwa mfululizo. Kazi ya kuchosha lakini bila hiyo tutapotea.

Carly akiwa na miaka 16 aliacha shule ya kawaida, akasomea nyumbani, ili aende kuimba Dollywood, ile bustani ya michezo na burudani ya Dolly Parton iliyoko Pigeon Forge, Tennessee. Mwenzangu aliposikia hivyo akaandika "AHA" kwenye WhatsApp, maana amempata Dolly wake kwa mlango wa nyuma. Akiwa na miaka 19 akahamia Nashville. Baada ya hapo inakuja miaka mingi ambayo katika wasifu wa wasanii huwa inapewa sentensi moja: "baada ya kuhangaika." Nataka tuipe zaidi. Kulikuwa na mkataba wa awali uliota mbawa. Kulikuwa na kazi ya kusafisha nyumba zile zinazopangishwa wageni kwa Airbnb, yaani msichana anafua mashuka ya watalii waliokuja Nashville kusikiliza wanamuziki. Hilo lina uchungu wake na halihitaji mimi niliongezee pilipili.

Kisha akapatana na busbee, mtunzi na prodyuza (jina lake la kazi aliliandika kwa herufi ndogo, na naona tutaulizwa kama ni kosa la chapa). Wimbo waliutunga watatu: Carly Pearce, busbee, na mtunzi Emily Shackelton. Chanzo chake, kama mwimbaji mwenyewe alivyoeleza mara nyingi, ni kuachana kulikomuumiza kweli.

Sasa sehemu iliyonifanya nisimame jikoni na kikombe mkononi. Kawaida ya redio za country Marekani ni hii: lebo, yaani kampuni ya kurekodi, inakusajili, lebo inachagua singo, lebo inatuma watu wake kuzunguka kituo kwa kituo wakiubembeleza wimbo uchezwe. Huu ulikwenda kinyume. Mwaka 2016 unakwisha, Carly hana lebo, na kituo cha The Highway cha redio ya setilaiti ya SiriusXM kikaanza kuucheza katika nafasi yao ya wasanii wapya. Wasikilizaji wakaanza kuununua. Ndipo Big Machine wakamsajili, 2017. Februari ya mwaka huo wimbo ukapelekwa redio za kawaida, na Novemba ukashika nambari moja katika Country Airplay, chati ya Billboard inayopima nyimbo za country kwa jinsi zinavyochezwa redioni. Miezi tisa, hesabu ya mimba. Albamu yenye jina hilo hilo ilitoka 13 Oktoba, wimbo ukiwa bado unapanda ngazi.

Mwenzangu kauliza: "Kwa hiyo mtoto kazaliwa, ndipo posa ikapelekwa?" Ndiyo. Hiyo sentensi inaingia kwenye kipindi kama ilivyo.

Jumamosi, 22 Februari

Safari ya Taylor Mill. Karibu maili 100 kutoka kwangu, barabara ya I-71 na vipande vya nyingine, theluji imebaki kandokando kama makombo. Nimekwenda na kinasa sauti, maikrofoni mbili, na chapati nne.

Niseme ukweli: sikupata kitu. Taylor Mill ni kitongoji cha watu wanaoishi maisha yao. Nyumba, miti isiyo na majani, magari yanayotoka na kurudi. Sijui nilitarajia nini, pengine mzee mmoja barazani mwenye banjo atakayesema jambo la busara. Nilirekodi dakika kumi na mbili za upepo ukipiga kwenye maikrofoni, na mbwa.

Nikala chapati mbili, nikaona nisipoteze mafuta bure, nikashuka hadi Covington na kuvuka daraja la Roebling kuingia Cincinnati. Ni daraja la kamba za chuma, limepakwa buluu, lilifunguliwa miaka ya 1860, na fundi wake John Roebling ndiye aliyesanifu baadaye lile la Brooklyn. Watu wa huku wanaliita daraja linaloimba. Sababu ni sakafu yake: ni wavu wa chuma, na matairi yakipita juu yake linatoa mvumo. Ukienda kasi mvumo unapanda, ukikanyaga breki unashuka, na unashuka kwa kuteleza, bila ngazi.

Nilivuka mara nne. Kwenda, kurudi, kwenda, kurudi, dirisha wazi, vidole vimekufa ganzi, kinasa sauti kimefungwa kwa mkanda kwenye kiti cha abiria. Huo ndio mlio niliousikia kwenye lile gari 2017. Si kwamba unafanana kidogo. Ni tabia ile ile: sauti inayokataa kutua kwenye noti.

Na hii inatatua tatizo moja sugu. Hatuna leseni ya kuucheza wimbo wenyewe kwenye podikasti, na sitaki mambo ya kuiba sekunde thelathini kisha kuomba radhi. Msikilizaji atautafuta mwenyewe kwa wakati wake. Sisi tutampa daraja.

Jumanne, 25 Februari

Leo ni ugomvi wa tafsiri. Jina la wimbo tunaliitaje kwa Kiswahili?

Tukisema "Kila Kitu Kidogo" msikilizaji ataona duka la rejareja. "Kila Jambo Dogo" ni barua ya serikali. Mwenzangu, katika hali ya uchovu, akapendekeza "Kila Kijambo", kwa hoja kwamba sarufi inaruhusu na ni neno moja tamu. Nikamwomba alitamke kwa sauti, polepole, mbele ya mtoto yeyote wa darasa la pili. Dakika tano baadaye akanitumia sauti ya watoto wa dada yake wakigaagaa sakafuni kwa kicheko. Tumelizika.

Nyuma ya mzaha kuna jambo zito. Wimbo unasimama juu ya wazo moja: aliyeachwa anakumbuka vyote, mpaka vile visivyo na maana, na aliyeondoka ameshasahau hata alichoahidi. Mwimbaji hajisifu kwa kumbukumbu yake. Anaiona ni ugonjwa. Watu wanamwambia muda utaponya, naye angetoa chochote asikumbuke sasa hivi. Kwa hiyo udogo wa vitu ndio uzito wake. Kiswahili kina njia yake ya kusema hivyo, nayo ni kurudia neno: vidogo vidogo. "Vitu vidogo vidogo." Ukirudia, unasikia mtu akivihesabu kimoja kimoja kwenye kiganja.

Tumekubaliana: jina tunaliacha lilivyo, na mara ya kwanza tu tunasema, "yaani vile vitu vidogo vidogo vyote." Basi.

Halafu nikajikuta nawaza taarab. Mwanamke wa taarab akiachwa, siku hizi, mara nyingi kuna mtu wa kurushiwa maneno: mke mwenza, jirani, yule aliyechukua. Mipasho ina anwani. Huu wimbo hauna anwani. Mwanamume yumo lakini ni kama mzuka, mwanamke mwingine hatajwi, na mwimbaji hajitetei kwa yeyote. Unabaki chumbani na mtu mmoja. Nimeandika aya nzima juu ya ulinganisho huu, nzuri kweli kweli, na nina hofu haitabaki.

Alhamisi, 6 Machi

Sehemu ya redio na wanawake. Hii siwezi kuiacha, kwa sababu bila hiyo msikilizaji wa Kisumu au Bukavu hataelewa ajabu iko wapi.

Mei 2015, mshauri wa vituo vya redio anayeitwa Keith Hill aliliambia jarida la biashara hiyo, Country Aircheck, kwamba kituo kinachotaka wasikilizaji kipunguze wanawake. Akatoa mfano wa saladi: wanaume ndio majani yenyewe, wanawake ni nyanya za kupamba. Kukawa na kelele kubwa. Mwimbaji Martina McBride akatoa fulana zilizoandikwa jina la tunda hilo.

Nilipomsomea mwenzangu, akauliza kwa Kiingereza au kwa Kiswahili? Kwa sababu kwao Nakuru nyanya ni tunda na nyanya ni bibi, mama mzaa mama. "Basi huyo bwana hakujua anamtukana nani," akasema. "Nyumba zetu zote zinaendeshwa na nyanya." Tumecheka lakini tumeiweka, maana ni mzaha ambao haupo katika lugha ile nyingine na unafaa uwe wetu.

Turudi kwenye hoja. Fikiria uko kwenye kiti cha mpangaji wa vipindi mwaka 2017. Mezani pana wimbo. Mwimbaji ni mwanamke. Ni mgeni. Wimbo ni wa polepole. Ni wa huzuni. Na katikati yake, pale ambapo wengine wangejaza gitaa la umeme na ngoma za kupasua, umeachwa wazi: sauti, dobro, na nafasi. Miaka miwili nyuma Kelsea Ballerini alikuwa amefika nambari moja kwa singo yake ya kwanza kabisa, kwa hiyo mlango haukuwa na kufuli, lakini ule ulikuwa wimbo mchangamfu wa kumtega kijana. Huu unaingia na viatu vya matanga.

Maoni yangu, na nitayasema kwa sauti yangu si kwa kujificha nyuma ya "wachambuzi": ule uwazi ndio uliopenya. Redio inayochezwa barabarani imejaa. Kila wimbo unapiga kelele ili usizidiwe na uliotangulia na tangazo linalofuata. Ukiweka katikati yake kitu chenye pumzi, mtu anaongeza sauti mwenyewe ili asikie. Mimi kule kwenye gari niliona mkono wa dereva ukienda kwenye kitufe. Na kwenye setilaiti, ambako wasikilizaji wanalipia, kituo kiliweza kubahatisha na wimbo ambao haukuwa na lebo nyuma yake.

Mwenzangu hakubali yote. Yeye anasema uchungu uliopenya ni ule wa kweli, mengine ni mafundi. Tutabishana hewani. Vizuri.

Jumapili, 16 Machi

Siku bora ya mradi.

Hapa Louisville tuna Waswahili wa kila aina, Wakongo wengi, Warundi, Wakenya, Watanzania, na kanisani kwetu kuna mzee mmoja wa Bukavu ambaye gitaa kwake ni kiungo cha mwili. Vijana tunamwita Papa tu. Baada ya ibada nikamfuata na kumwambia, "Papa, nina shida ya dobro." Akanitazama kama niliyemwambia nina shida ya figo.

Nilimweleza nilivyojifunza. Ni gitaa la mbao lenye kifuniko cha chuma tumboni, na chini ya kifuniko kuna kikombe chembamba cha alumini kinachotetemeka. Ukikifikiria kama mfuniko wa sufuria uliogeuzwa hujakosea sana. Walilibuni wahamiaji kutoka Slovakia, akina Dopyera, waliokuwa California; jina wakalianzisha 1928 kwa kuunganisha Dopyera na neno la Kiingereza la ndugu, brothers, na katika lugha yao dobro maana yake ni nzuri. Shida waliyokuwa wanaitatua ni kwamba gitaa halikusikika kwenye bendi, kabla ya vipaza sauti vya umeme kuenea. Linalazwa mapajani, uso juu, na badala ya vidole kubonyeza nyuzi, unapitisha kipande cha chuma juu yake.

Papa hana dobro na mimi sina hela ya dobro. Akachukua gitaa lake la akiba, akachomeka penseli chini ya nyuzi kule juu shingoni ili ziinuke, akalilaza mapajani. Kisha kupanga nyuzi: sol, si, re, sol, si, re. Hii inataka nyuzi mbili nene zikazwe zaidi ya kawaida yake, na ya pili kati ya hizo ikakatika kwa mlio uliomtoa mke wake jikoni. "Munafanya nini, baba?" Tunafanya utafiti, Mama. Akaweka uzi mwingine. Badala ya kipande cha chuma akatumia kichupa cha glasi cha dawa ya kikohozi.

Nikampigia wimbo mara moja, kwenye simu. Aliusikiliza wote macho yamefumbwa. Ulipokwisha akasubiri. Akasubiri tena.

"Mwanangu," akasema, "sebene iko wapi?"

Nikamwambia hakuna.

"Hakuna hata kidogo?"

Hakuna, Papa.

Akatikisa kichwa muda mrefu. Akanieleza jambo ambalo ningehitaji vitabu vitatu kulifikia. Rumba nayo inalia, akasema. Mwanamume anaachwa, anabembeleza, anataja jina la mwanamke mara ishirini. Lakini kila mtu ukumbini anajua sebene inakuja. Nyimbo inalia mwanzoni *sababu* mwishoni magitaa yatafunguka na watu watasimama kucheza. Kilio kina mwisho wake. "Huyu binti anakuacha palepale. Hakupe mlango wa kutokea." Kisha: "Ni mukali sana, huyu."

Nilikuwa nimewasha kinasa sauti. Asante Mungu nilikuwa nimewasha.

Mwisho nikampa mvumo wa daraja kwenye spika. Papa akaweka kichupa juu ya uzi wa tatu, akatafuta, akaupata, akaufuata gari lilipopunguza mwendo, akashuka nalo pole pole hadi chini. Hakupiga wimbo wa Carly. Alipiga daraja. Sekunde arobaini na moja. Hakuna aliyesema kitu, hata Mama mlangoni na mwiko wake.

Jumatatu, 24 Machi

Rasimu ya kwanza: dakika 52. Kwa mtu aliyetangaza kwamba uwazi ndio siri ya wimbo, nimetengeneza gunia la mahindi.

Jumapili, 30 Machi

Tumempelekea rasimu Shangazi, Nakuru. Shangazi ndiye msikilizaji wetu wa kupimia. Anajua Jim Reeves kwa mpangilio wa miaka, anajua ndege yake ilianguka karibu na Nashville Julai 1964, na husimulia utadhani alikuwa uwanja wa ndege kumpokea. Tunaamini kwamba kama Shangazi akizima, Kenya imezima.

Aliizima dakika ya 14.

Ujumbe wake wa sauti nanukuu kwa ruhusa yake: "Mnaongea sana. Nimeambiwa huyo msichana ameachwa, sawa, nimeskia. Halafu nyinyi hamniachi nimwonee huruma. Kila nikitaka kumwonea huruma, unakuja na tarehe."

Mwenzangu alicheka kwa dakika nzima kabla ya kuniuliza kama niko sawa. Siko sawa. Ila ana haki.

Akauliza pia jingine, huyu mwenzangu, ambalo sikulitarajia. Alisema rasimu nzima nimezungumzia kuachana kwa Carly Pearce, saladi, lebo, daraja, na hakuna mahali nimesema kwa nini mimi nilikaa kimya kwenye lile gari alfajiri ile. "Kaka, ulikuwa umeachwa?" Nikamwambia kipindi si changu. Akasema sijajibu swali. Nikakata simu kwa kisingizio cha mtandao, ingawa mtandao ulikuwa safi kabisa.

Jumatano, 2 Aprili

Mkasi. Nimeondoa:

ile aya nzuri ya taarab, yote;

historia ya chati, imebaki sentensi moja;

upepo wa Taylor Mill na mbwa wake;

tuzo zote za baadaye. Hii ilikuwa ngumu. Alipata mengi: alichaguliwa mwimbaji bora wa kike katika tuzo za CMA, za chama cha muziki wa country, 2021, na mwaka huo huo Dolly Parton alimtokea ghafla palepale Dollywood, bustani aliyoimba akiwa na miaka 16, kumwalika awe mwanachama wa Grand Ole Opry, lile jukwaa kongwe la country la Nashville. Agosti akapokewa rasmi. Shangazi angependa hilo, lakini kipindi ni cha wimbo mmoja na wimbo unaishia 2017. Kama Dolly anataka kuja, tutampa kipindi chake.

Kifo cha busbee tumekibakiza. Alifariki Septemba 2019 kwa saratani ya ubongo, miaka 43. Ni sentensi mbili, nazisoma mimi, bila muziki chini. Mtu aliyesaidia kutunga wimbo kuhusu aliyeondoka, naye hayupo kuusikia. Nilitaka kuongeza sentensi ya tatu. Nimeifuta mara tatu.

Saladi imebaki. Posa iliyokuja baada ya mtoto imebaki. Papa amebaki wote, hata kikohozi chake.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilitaka kurudi darajani kurekodi upya, kwa sababu katika mapito ya tatu kuna honi ya lori. Haiwezekani. Mto Ohio umefurika wiki hii, barabara za kando ya maji zimefungwa sehemu nyingi, na watu wana shida kubwa kuliko honi yangu. Honi imebaki. Ukiisikiliza mara ya tano inakuwa sehemu ya wimbo.

Kipindi sasa ni dakika 26. Kinaanza na daraja, bila salamu, bila jina letu, sekunde tisa. Ubishi wetu juu ya uwazi na uchungu hauna mshindi. Nadhani mwenzangu alishinda lakini yeye ndiye aliyehariri, kwa hiyo siwezi kuwa na uhakika. Swali la herufi kubwa tumelijibu kwa sauti ya Papa, pale anapouliza sebene iko wapi.

Baada ya swali lake inakuja dobro ya penseli na kichupa, inashuka na gari hadi chini, kisha tumeacha sekunde saba tupu. Programu ya kuhariri ina kitufe kinachokata sehemu zisizo na sauti chenyewe, na mara mbili imezila zile sekunde saba. Nimeenda kwenye mipangilio nikakizima.

Jioni mwenzangu akapakua faili la mwisho ili alipandishe. Baada ya nusu saa akaandika:

"Dakika ya 19 hapasikiki kitu. Faili limekatika?"

"Halijakatika."

"Ni makusudi?"

"Ndiyo."

Kimya kidogo. Alama ya kuandika ikatokea, ikapotea, ikatokea tena.

"Sawa. Na lile swali langu la gari bado hujajibu."

Kinapanda Jumatatu saa mbili usiku, saa za Nakuru.